Mwalimu wa Farasi Aliyebeba Majani

Kuna watu unawaogopa kwa ukali wao. Huyu nilimwogopa kwa upole wake. Nikimwona anaelekea bandani kwake, hatua fupi fupi, mjukuu wangu nyuma yake ameshika kamba, niliacha kazi iliyokuwa mkononi nikasimama kuwatazama. Niliona wazi kwamba upole ule ndio utakaoniulia mtoto.

Kijiji kizima kilimwita Mwalimu wa Farasi, wengi kwa kumcheka, maana hakuwahi kusimama mbele ya ubao hata siku moja. Nguvu zake zote aliziacha huko chini kwenye mashamba makubwa ya wazungu, akitunza farasi, hasa wale walioharibika: wanaouma, wanaorusha mateke, wanaomwangusha kila anayewapanda. Alipozeeka akarudi kihambani kwake, huku kwetu juu ya Marangu, kwenye migomba na kahawa kama sisi wengine. Alizaliwa mwaka gani na kwa nani, hayo waulizeni watu wa ukoo wake. Mimi nitasema niliyoyaona, na niliyaona vizuri, kwa sababu kati ya kihamba chake na changu hakuna ukuta. Ni mstari wa masale tu, ile mimea mirefu tunayopanda mipakani, na masale yale yalikuwa na upenyo wa kumtosha mwanamke anayejua kutumia macho yake.

Alikuwa mfupi, miguu imepinda kama mtu aliyekalishwa juu ya pipa akasahaulika hapo. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Ukimuuliza viwili viko wapi anakuambia, "Alivila farasi mmoja mwekundu. Nilimkera, akanijibu." Hakuwa na uchungu navyo.

Kwa watu hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Aliunguza ulimi kila asubuhi, kisha akamlaumu mke wake. Bodaboda akipiga honi karibu na kwake, anatoka na jembe. Jumapili moja mchungaji wetu alihubiri mpaka watoto wakalala, mlangoni Mwalimu akampa mkono akamwambia, "Mchungaji, mahubiri yako yalifika nyumbani, ukapitiliza." Tangu siku hiyo mchungaji akimwona anatokea mlango wa pembeni.

Sasa mtu huyo huyo, kila kukicha, alisimama mbele ya banda lake, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mkwe aliyekuja kuomba binti: "Shikamoo mama. Umeamkaje? Naomba kusogea." Alikuwa anasema na farasi.

Mara ya kwanza kumsikia sikuweza kunyamaza. "Meku," nikamwita kupitia masale, maana ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume kwetu, "mnyama unampa shikamoo, mimi jirani yako unanipita kama kisiki?"

"Wewe hujawahi kunipiga teke."

"Naweza kuanza leo."

"Ukianza nitakuamkia," akasema, akavaa kofia yake.

Huyo farasi ndiye habari yenyewe. Alikuwa jike, na alikujaje kwetu? Kuna dereva wa malori aliyestaafu, anakaa njia ya juu. Alipewa farasi huyo na mzungu aliyekuwa anafunga safari ya kurudi kwao moja kwa moja. Dereva akafurahi, akampeleka nyumbani, akamfanyia kama tunavyowafanyia ng'ombe wetu. Asiyejua ajue: huku mlimani ardhi ni kidogo, ng'ombe hatoki. Anakaa bandani, gizani, na sisi wanawake tunashuka porini kukata majani, tunayapandisha kichwani, tunamwekea mdomoni. Ng'ombe akionekana anazurura nje, watu wanauliza nyumba ile ina mwanamke kweli? Basi farasi naye akafungiwa hivyo hivyo, akaletewa majani na migomba iliyokatwakatwa, tele. Tukimpita dereva tunamsifu. Hakuna aliyejua kwamba farasi si ng'ombe, kwamba asipoona mbali kichwa chake kinaharibika.

Kikaharibika. Akaanza kupiga ukuta mateke. Akaanza kuuma mkono unaoleta majani. Dereva naye, kwa woga wake, akabuni njia yake: anaingia amejificha nyuma ya mzigo mkubwa wa majani, fimbo chini ya mzigo; anautupa mzigo, anachapa, anakimbia. Kila siku hivyo. Mwishowe farasi akamvunja taya kijana wake mkubwa, mtu mzima mwenye watoto, na dereva akasema sasa aje bwana mifugo amchome sindano ya kumlaza asiamke tena.

Mwalimu aliposikia alipanda kwa dereva, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Walimwambia ondoka, akakaa. Walimletea mtori, akala, akakaa. Mtu ambaye hawezi kungoja chai alikaa pale mpaka dereva akachoka kumruka kila akitaka kutoka kwake, akamwambia, "Mchukue, na akikuua usinirudie."

Alimshusha kwa miguu, gunia likiwa limemfunika macho. Wanawake tuliokuwa njiani tuliingia kwenye kahawa za watu bila kubisha hodi. Nilimwona akinipita karibu kabisa: mnyama mkubwa aliyegandwa na mavi mpaka rangi yake haijulikani, anatetemeka ngozi nzima, na mzee wa vidole vitatu anamwomba radhi kwa kila jiwe.

Nilidhani mtu wa namna hiyo ni jasiri. Sivyo. Nilikuja kugundua, na jambo hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba Mwalimu wa Farasi alikuwa mwoga. Kabla ya kuingia bandani lazima aende chooni. Akitoka anafuta viganja kwenye suruali, mbele na nyuma, na vinalowa tena. Nikamwambia, "Meku, wewe unaogopa."

"Naogopa sana, mama."

"Sasa kwa nini unaingia?"

"Aliyenifundisha kazi hii hakuogopa. Tulimzika mimi na wenzangu." Akafuta tena viganja. "Siku ukiniona naingia mle bila kuogopa, ujue nimelewa, uje unitoe."

Hilo lingenituliza? Lilinitoa usingizi. Kama fundi mwenyewe anatetemeka, mimi niseme nini?

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba ua kwa miti imara. Ya pili ilikuwa kung'oa mlango wa banda na kuutia kwenye jiko la mke wake, ukawa kuni. Watu tukasema leo tunakwisha. Lakini farasi hakutoka. Alizoea giza, ule mwanga pale mlangoni alikuwa anaukimbia kama moto. Mwalimu akaweka majani nje, hatua kidogo kutoka mlangoni, akageuza debe, akakaa, akachambua maharage. Hakumwita. Hakumwangalia. Aliniambia farasi amezoea mkono unaokuja kwa ajili yake, sasa ajifunze kwamba mkono unaweza kuwa na shughuli nyingine. Akachambua maharage yote ya nyumba yake, akaja kuomba ya kwangu. Msimu huo nilipika maharage yasiyo na jiwe hata moja.

Farasi hakutoka. Alisimama ndani, unaona macho tu. Kijiji kikaanza kusema: mzee anamnyima mnyama chakula mpaka afe. Lakini mbona hakondi? Mwalimu mwenyewe alikuwa anashangaa. Majani ya nje yanakauka, farasi yuko ndani, na mbavu hazionekani.

Kumbe aliyekuwa anamlisha ni mke wake. Mwanamke mpole, Mkatoliki aliyekubali kuolewa na Mlutheri lakini rozari yake hakuiacha. Hakuweza kulala nyumba moja na mnyama mwenye njaa. Kila Mwalimu akienda kuoga, yeye anapita nyuma ya banda, kwenye lile tundu tunalopitishia migomba ya ng'ombe, anasukuma majani ndani. Mwanamke gani wa huku angeweza kufanya tofauti?

Siku Mwalimu alipomkuta, mimi nilikuwa kwenye upenyo wangu. Nilijiandaa kusikia kelele zitakazofika mpaka mji wa Mkuu, kule Rombo. Mzee akasimama. Akaangalia majani, akamwangalia mke wake, akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Kumbe tulikuwa walimu wawili," akasema. "Mimi namfundisha atoke, wewe unamfundisha asitoke. Na amekuelewa wewe."

"Unigombeze basi, yaishe," mke wake akasema.

"Sikugombezi. Kuanzia kesho utakaa wewe kwenye debe."

"Mimi? Si ataniua?"

"Wewe ndiye mama yake. Mimi ni mzee tu anayechambua maharage."

Akakaa yule mama, rozari mkononi, majani miguuni, midomo inakwenda mbio. Siku kadhaa alikaa hivyo. Kisha asubuhi moja ya mvua nyembamba nikaona pua. Halafu shingo. Halafu mnyama mzima akasimama nje, mvua ikamwosha, na ndipo tulipojua rangi yake: hudhurungi kama kahawa iliyokaangwa vizuri, na alama nyeupe kwenye paji la uso. Yule mama hakuthubutu hata kupangusa macho. Mwalimu, kule kwenye migomba, alikuwa ameshika mti kwa mikono miwili.

Nilivutiwa, sikatai. Lakini pale pale, bega kwa bega na mimi kwenye upenyo, alikuwa amesimama mjukuu wangu Aikande, na yeye hakuwa anatazama kama mimi. Alikuwa anatazama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Aikande nimemlea. Mama yake, binti yangu wa pekee, aliugua, tukampeleka hospitali mjini Moshi, tukarudi naye kwenye sanduku. Baba yake ana familia nyingine Dar. Mtoto yule amekua mgongoni kwangu, nimemsomesha kwa ndizi na maziwa, na kazi ya kutembeza wageni kwenye maporomoko na vihamba aliipata mwenyewe kwa Kiingereza chake, hakubebwa na mtu. Wakati huo alikuwa mwanamke kamili, mrefu kuliko mimi, mkaidi kuliko mimi, na hilo la pili si rahisi. Nilizika mmoja. Sikuwa na nguvu za kuzika tena.

Basi akaanza kupita kwenye masale. Leo anapeleka maji, kesho anashika kamba, keshokutwa anasugua mgongo wa mnyama kwa gunzi la mahindi. Jioni ananiambia, "Bibi, nitampanda. Nitawatembeza wageni nikiwa juu yake."

"Utawatembeza ukiwa maiti."

"Babu amesema atakuwa farasi mzuri."

"Huyo babu yako ana vidole vingapi?"

Aikande akacheka. Mimi sikucheka.

Nilichokiogopa kikaja mchana kweupe. Mwalimu na Aikande walimtoa farasi njiani, Aikande ameshika kamba, wote watatu wanatembea vizuri. Kwenye kona akatokea mke wa mwenye duka anapanda kutoka porini, mzigo wa majani kichwani. Mnajua mzigo wetu: unashuka mpaka mabegani, uso hauonekani, unaona kichaka kinakuja na miguu. Farasi alipokiona kichaka kile alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama, kama bati linalochanwa. Akainuka juu. Aikande hakuachia kamba. Akavutwa kifudifudi juu ya mawe. Mke wa mwenye duka alitupa mzigo akaangukia kwenye mfereji, na hiyo ndiyo ilimwokoa, maana farasi hakumfuata mtu. Alifuata mzigo. Aliukanyaga, akaugeukia, akaukanyaga tena, mpaka yale majani yakawa kama kitu kilichokwisha kutafunwa.

Nilifika na jembe. Sijui nilitaka kumpiga nani. Viganja vya Aikande vilikuwa vimechubuka na kamba mpaka nyama inaonekana, na jambo lililonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa anamwuliza Mwalimu, "Babu, hajaumia?"

Ndipo Mwalimu alipoelewa fimbo ya dereva ilikuwa inakaa wapi. Alisimama juu ya yale majani, anayasukuma kwa kidole cha mguu. "Si majani anayoyachukia," akasema. "Anakula majani kutwa. Anaogopa majani yanayotembea."

"Meku," nikamwambia, "huku mlimani majani yanatembea kila siku, asubuhi na jioni. Mjukuu wangu asikanyage tena kwako."

Hakunibishia. Akanivulia kofia, mimi, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Mama, sitakudanganya. Huyu mnyama anaweza kumuua. Anaweza kuniua mimi pia. Aikande hatampanda mpaka utamke wewe. Si yeye, si mimi. Wewe, kwa mdomo wako."

"Umesikia, Aikande?" nikasema. "Mpaka mimi nitamke." Moyoni nikasema, basi watangoja mpaka parapanda.

Kesho yake nikaona kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwetu. Mwalimu wa Farasi, mzee wa kanisa, baba wa watoto wakubwa walioko Dar, alifunga majani kwa kamba ya mgomba, akaweka ngata kichwani, akabeba. Huku kwetu mwanaume habebi majani kichwani. Atabeba jeneza, atabeba gunia la kahawa mgongoni, lakini mzigo wa majani kichwani, hapana. Ni kama kumwona amevaa kanga.

Alianzia mbali, upande wa pili wa kihamba, anapita taratibu mahali ambapo farasi anaweza kumwona, anaimba ili ajulikane sauti yake. Kisha akasogea. Siku farasi akitetemeka sana anarudi nyuma, anaanza tena kutoka mbali. Vijana walikuja kukaa juu ya ukingo kutazama kama sinema. "Mzee, umeolewa wapi?" mmoja akamuuliza. Mwalimu, yule wa kutoka na jembe, akaendelea na wimbo wake. Alijua akimfokea kijana, farasi naye atadhani kafokewa.

Mke wake alikuja kwangu kuomba chumvi, akakaa, akasema, "Nimeolewa na huyu mwanaume tangu nikiwa na meno yote. Mimba zote zile hajawahi kunipokea mzigo hata hapo mlangoni. Leo anambebea farasi."

"Unaona wivu?"

"Naona shingo yake imeanza kuuma. Naenda kuipaka mafuta," akasema, na akaenda kweli, na chumvi akaisahau.

Ikafika mahali farasi anamwacha mzee apite na mzigo, ananusa tu. Lakini Mwalimu hakuridhika. Alisema farasi amemjua yeye, hajaujua mzigo. Anataka mtu mwingine chini ya majani. Mke wake nyonga zake hazimruhusu kubeba. Wanawake wengine waliposikia walibadilisha njia ya kurudia kutoka porini. Mimi hakuniuliza. Aliniangalia tu kupitia masale, nikaondoka kwenye upenyo.

Halafu kiharusi kikamkuta, akichambua maharage. Upande wa kulia ukafa, na ule mdomo wake mkali ukapinda, maneno yakawa yanatoka kama mtu anayeongea na ndizi ya moto mdomoni. Watoto wake wakaja kutoka Dar, wakaangalia, wakasema farasi huyu ni wa nini? Kama hapandiki, auzwe kwa wanaonunua nyama. Wakatoa muda mpaka watakaporudi.

Aikande angeweza kumpanda kwa siri. Ana miguu, ana ukaidi. Lakini Mwalimu alimkataza, na akamtii, akawa anamtoa kwa kamba tu. Kwangu hakubembeleza. Alinipikia, akaniwekea maji ya kuoga, akaniambia "usiku mwema, bibi" kama mgeni aliyepangishwa chumba. Nyumba ikawa na baridi ambayo moto hauiondoi. Nikajua hata nikiwa nimemlinda mwili wake, kitu kingine kinakufa mikononi mwangu.

Nikachukua panga nikashuka porini.

Sikumwambia mtu. Nilikata mzigo mkubwa kuliko kawaida yangu, kwa hasira. Nikasema kama ni kufa nife mimi, nimeshakula chumvi nyingi, na nikifa jibu litakuwa limepatikana. Nilipofika kwenye lango la Mwalimu nikapaza sauti: "Aikande, mtoe. Shika kamba fupi. Uwe chini, usipande."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake barazani, blanketi miguuni.

Chini ya mzigo wa majani huoni mbele. Unaona miguu yako na kipande cha ardhi. Nilikuwa nimetembea hivyo tangu utoto wangu bila kuogopa. Siku hiyo nilijua kipofu anaishije. Nikaenda. Nikasikia pumzi kabla sijaona kitu, pumzi kubwa, inatoka, inakatika, inatoka. Kisha kwato zikaingia kwenye kipande changu cha ardhi. Nne, nyeusi, karibu na vidole vyangu.

"Bibi, usisimame," Aikande akasema polepole.

"Sijasimama. Miguu ndiyo imesimama."

"Basi iambie iende."

Ukwato mmoja ukanyanyuka. Nikauona umekaa hewani, matope yanadondoka kutoka chini yake. Nilimkumbuka binti yangu, si uso wake, ila sauti yake akiniita kutoka jikoni. Ukwato ukashuka mahali pale pale ulipotoka. Miguu yangu ikaenda. Nikapita. Nilipofika kwenye migomba nikatupa mzigo, nikakaa juu yake, na nilikuwa nimejikojolea, sioni aibu kusema.

Mwalimu akapeleka mkono wake mzima hewani, ule wa vidole vitatu, akauzungusha: tena.

Nilimtukana kwa Kichagga, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kisha nikarudia. Nikarudia siku nyingine na nyingine, na sikuzoea. Farasi ndiye aliyezoea.

Siku ya mwisho niliyokaa na Mwalimu ilikuwa alasiri, saa wanawake wanapopanda kutoka porini. Aikande alikuwa amemfunga farasi matandiko, amesimama kando yake, haniangalii mimi wala Mwalimu. Mzee alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya ndege. Akanigeukia na ule mdomo uliopinda.

"Sema," akasema. "Au usiseme. Sitakulaumu."

Nilikaza kwanza kanga yangu kiunoni. Kisha nikasema, "Apande."

Aikande akapanda. Hakutabasamu, na nilimshukuru kwa hilo. Farasi akatoka langoni, akashika njia ya kwenda barabarani, na migomba ikawafunika.

"Nisemeshe," Mwalimu akasema. Mkono wake ulikuwa umeshika kiti mpaka kucha nyeupe. "Chochote."

Nikamwambia migomba yangu ya upande wa mfereji imeingiwa na wadudu, inaanguka kabla mkungu haujakomaa. Akaniuliza nimeweka majivu? Nikasema nimeweka. Nikamwambia nimeng'oa shina moja, nikakuta ndani limekuwa kama sifongo. Akasema hiyo yote ng'oa, choma, panda mbali na hapo. Sikumbuki kama nilipumua.

Barabarani ikapanda kelele ya wanawake wengi kwa pamoja. Sikujua ni kilio au ni kicheko. Niliinuka nusu. Mwalimu akanishika kanga.

"Kaa," akasema. "Akimwangusha atarudi anakimbia. Sikiliza."

Kelele ikatulia. Mahali fulani mtu alikuwa anapasua kuni. Tulikaa wazee wawili tumeinamisha vichwa kama tunasali, kumbe ni masikio tu. Ndipo nikazisikia kwato, mbali, juu ya mawe ya njia yetu.

Zilikuwa zinatembea.

"Endelea," Mwalimu akasema, macho ameyafumba. "Lile shina ulilong'oa, umelifanyaje?"

Nikamwambia.